Njia Isiyopita Lori

Kaka yangu hapandi gari. Lori la mawe lilimgonga akiwa kwenye baiskeli ukingoni mwa barabara kuu, na tangu siku hiyo hapandi gari, hasimami stendi, na injini kubwa ikinguruma nyuma yake anaketi chini papo hapo. Mwanzoni nilidhani ni ukaidi, maana ukaidi kwetu ni wa kurithi. Kisha jirani mmoja akajitolea kumleta nyumbani kwa gari lake dogo, polepole, madirisha wazi. Hawakuwa wametoka Thika mjini kaka yangu akafungua mlango gari likiwa bado linatembea. Alirudi kwake kwa miguu, shati limelowa jasho, na jirani akaniomba nisimtume tena kazi ya namna hiyo.

Yeye ni seremala. Anaishi Landless, mtaa wa Thika, karakana iko mbele ya nyumba, na akitoka ni kwa baiskeli yake nyeusi nzito, ile tunayoiita mamba, tena kwa vichochoro tu. Mimi naishi Gitothua, kule Ruiru, na mama yetu, na nauza nafaka. Mwenye gari lake huiona safari hiyo fupi kiasi kwamba haagi watu akiondoka. Kwa kaka yangu ilikuwa sawa na kuvuka kwenda nchi nyingine.

Tungeishi hivyo kwa simu kama macho ya mama yasingeanza kumwacha. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba imekula sehemu kubwa, na kilichobaki kitaisha polepole, hakuna wa kusema lini. Amebaki na kipande kidogo cha katikati. Akitaka kukuona hugeuza kichwa huku na huku mpaka akupate, halafu anatulia hapo. Video ya simu haimsaidii. Nilimshikia simu siku moja kaka yangu akiwa upande wa pili, akaniuliza kwa nini namwonyesha taa.

Nikasema basi tumpeleke yeye Landless. Mama alivunjika nyonga miaka iliyopita na kumwingiza garini ni kazi ya wanaume wawili na maumivu ya wiki nzima, lakini si hilo lililomfanya akatae. Kwetu Wakikuyu mtoto wa pili wa kiume hupewa jina la baba yake mama, na kaka yangu ndiye huyo wa pili. Tangu azaliwe mama humwita Baba, na si kwa mzaha. Utotoni alipewa nyama kabla yetu. Akikosea alichapwa kama sisi, ila mama alitanguliza, "Nisamehe, Baba, lakini leo umezidi." Sisi wengine tulichapwa bila kuombwa msamaha.

"Atiriri," mama akaniambia, na akianza hivyo ujue unatakiwa kunyamaza na kusikiliza. "Baba ndiye huja kuona msichana wake kwa watu alikoolewa. Wewe umeona wapi msichana akibebwa kama gunia kwenda kutafuta babake?"

"Lakini baba mwenyewe ni mgonjwa, maitu."

"Basi nitangoja apone. Haya macho yakimngoja, sawa. Yasipomngoja, nitamshika uso na mikono."

Alisema hivyo akichambua maharagwe kwa vidole, bila uchungu wowote, na mimi ndiye niliyetoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji. Mambo yalikuwa hivyo: mama alitaka kuuona uso wa mwanawe kabla macho hayajafunga, hangeenda, na mwanawe hangeweza kuja.

Wazo lilitoka kwa watu wasionijua. Nilikuwa dukani, hakuna mteja, natazama simu. Ikaja video ya wazee wawili, mume na mke, nywele nyeupe kabisa, wakiendesha baiskeli mashambani huko Ufaransa. Njia yao ilikuwa reli zamani. Vyuma viling'olewa, pakatandazwa lami nyembamba, wakaachiwa watu wa baiskeli. Upande mmoja ng'ombe, upande mwingine alizeti, hakuna gari. Kila njia ilipokatana na barabara palikuwa na nguzo mbili fupi zimesimikwa katikati ili kitu chenye magurudumu manne kisiingie, na wale wazee walipita kati ya nguzo wakiongea mambo yao. Niliona wivu. Nilirudia pale penye nguzo mara nyingi kuliko ningependa mteja ajue.

Sisi hatujang'olewa reli. Inapita hapa Ruiru kwenda Thika, na kando yake kuna kijia kilichokanyagwa na watu wa miguu, mbuzi na baiskeli. Kuna mashamba makubwa ya kahawa yenye barabara zake nyekundu za ndani. Kuna mito miwili mitatu yenye vivuko vyake. Nikajiambia kwamba vipande vyote vipo, kilichobaki ni mtu mwenye muda wa kuviunga. Nikanunua baiskeli ya mtumba.

Sikuwa nimepanda baiskeli tangu usichana, na Gitothua haikosi macho. "Mama Nafaka, nani anakufukuza?" wakawa wananiuliza vijana wa kinyozi. Fundi wa viatu alitaka kujua kama nimeandikishwa kwa mbio za serikali. Niliwajibu kwamba napunguza kiuno, jibu walilolipenda, wakaniacha.

Kila Jumapili nilihudhuria ibada ya kwanza, nikavua gauni la kanisa, nikavaa suruali na kuondoka. Jumapili ya kwanza nilifuata reli nikatobolewa magurudumu yote mawili na miiba. Iliyofuata nilikata mapema mno nikajikuta ukingoni mwa timbo la mawe, malori yameegeshwa safu nzima yakingoja Jumatatu, nikageuka upesi kana kwamba kaka yangu alikuwa nyuma yangu ananiona. Baadaye nilipata geti la shamba la kahawa. Mlinzi wa pale, mzee mwenye koti la mvua hata jua likiwaka, aliniuliza nasali wapi, akaridhika na jibu, akashusha mnyororo. Ndani palikuwa kimya. Barabara nyekundu, kahawa pande zote, miti ya mukima imesimama katikati kutoa kivuli, na ndege. Niliendesha mpaka nikaanza kuimba.

Kikwazo cha mwisho kilikuwa barabara moja ya lami inayokata mashamba. Niliizunguka Jumapili mbili. Ya tatu nikaona ng'ombe wakiingia chini yake na kutokea upande wa pili. Kulikuwa na kalvati kubwa, mchanga mkavu chini, na mtu akiinama na kusukuma baiskeli anapita bila hata kuigusa ile lami. Nilipita mimi, nikarudi, nikapita tena. Siku hiyo niliingia Landless, nikamkuta kaka yangu anapiga randa, nikamwambia, "Nimepata. Kutoka hapa hadi nyuma ya choo chetu, hakuna gari."

Hakuinua kichwa. "Pikipiki?"

"Pikipiki ziko."

"Pikipiki naweza. Pikipiki naiona ikija." Akapiga randa kidogo. "Na lori?"

"Hakuna lori. Nimepita mwenyewe."

Aliweka randa chini akauliza mama anapenda kukaa juu au chini siku hizi, kwa sababu ya nyonga. Nikamwambia juu kidogo. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba amekubali.

Ikabaki siku. Jumamosi yeye hasafiri, alioa Msabato akawa Msabato. Jumapili mama akakataa, kwa kuwa alasiri nyumba hujaa akina mama wa kanisa wanaokuja kumwombea, na alisema hataki kumwangalia Baba mbele ya watu wanaotafuna mandazi. Siku za kazi malori ya mawe yako kila mahali. Nikaamua iwe sikukuu ya Oktoba. Timbo limefungwa, ofisi zimefungwa, shule zimefungwa. Nilijiona mwerevu sana.

Nikaenda kulala kwao mkesha wa siku hiyo, mama nikamwachia binti yangu. Asubuhi tukatoka na ukungu. Kaka yangu alikuwa amefunga gunia kwenye keria kwa vipande vya mpira wa tairi, ndani yake mna kigoda alichomtengenezea mama, na alivaa kofia ya sufu aliyoishusha mpaka kwenye nyusi. Niliijua sababu ya kofia. Lile lori lilimwachia kovu kubwa linaloanza juu ya jicho na kuishia nyuma ya sikio, na kwenye simu alikuwa amemwambia mama ni mkwaruzo. Mimi nililiona hospitali lingali na nyuzi. Tulikubaliana habari za mkwaruzo zibaki hivyo.

Tulikwenda vizuri. Kwenye kalvati aliinama, akapita, na gari dogo likapita juu yetu, akasimama mle gizani mpaka mlio ukaisha. Kisha akasema, "Endelea." Akaanza hata kunitania kwamba napiga pedali kama mtu anayepanda ngazi na debe la maji. Nilifurahi kiasi kwamba tulipofika kwenye geti la shamba la upande wa Thika na kukuta mnyororo umelala chini na mlinzi hayupo, sikujiuliza kitu. Nilipita kama mwenye shamba.

Mimi nililijua shamba la Jumapili. Ningemuuliza mwanamke yeyote wa Gitothua aliyewahi kufunga debe kiunoni angeniambia: Oktoba kahawa imeiva, na kahawa iliyoiva haina sikukuu. Siku shule zimefungwa ndipo wachumaji wanakuja wengi zaidi, na wanaletwa kwa lori.

Tulisikia sauti kwanza, wanawake wakiitana ndani ya mistari. Kisha mlio. Lilitokea kwenye kona mbele yetu, lori refu lenye watu wamesimama nyuma wakiimba, na barabara ile haina ukingo. Niliruka pembeni. Nilipogeuka baiskeli ya kaka yangu ilikuwa imelala barabarani na yeye hayupo. Dereva alipiga breki, akashuka mchumaji mmoja akaiweka baiskeli kando, na lori likapita.

Nilimkuta mstari wa nne au wa tano ndani, amekaa chini ya mti wa kahawa, magoti kifuani, macho yamefumbwa.

"Limepita," nikamwambia.

"Litarudi."

Na likarudi, likifuatwa na trekta lenye magunia. Hapo ndipo hasira iliponipanda. Nilimkasirikia yeye, nikajikasirikia, nikawakasirikia hata wale wazee wa Ufaransa na alizeti zao. Kurudi Landless ilikuwa mbali kama kwenda mbele, na barabara hiyo ingekuwa ya malori mpaka jioni. Simu ikalia. Alikuwa mama.

"Mmefika wapi?"

"Kwa kahawa, maitu."

"Baba yuko?"

Nikamtazama kaka yangu. "Yuko."

"Mwambie nimekaa mlangoni. Hapa iko na mwanga mzuri." Akakata. Kaka yangu alisikia kila neno, na hakufumbua macho.

"Nyinyi wawili. Tokeni huko, polepole."

Alikuwa mlinzi, si yule mzee, kijana mwenye rungu na redio ya mkononi. Nilipojiona kwa macho yake nilielewa. Msimu wa kahawa, watu wawili wamejificha ndani ya mistari, baiskeli mbili, gunia limefungwa keria. Wezi wa kahawa hawana sura nyingine.

"Gunia iko na nini?"

"Kigoda," nikasema.

"Kigoda." Akawaangalia wanawake waliokuwa wamesogea na madebe yao. "Wanasema iko na kigoda."

Wanawake wakacheka. Kaka yangu akasimama, akaenda mwenyewe kwenye baiskeli, akafungua mipira, akatoa kigoda na kukiweka kwenye udongo. Kilikuwa cha mbao za mukima, kirefu kidogo kuliko kawaida, na upande mmoja alikuwa ameacha kishikio cha kujiinulia. Mlinzi akalikung'uta gunia. Halikuwa na kitu.

"Sasa, mzee, si mngepita tu lami kama watu? Nani huingia kwa kahawa na kigoda?"

Kaka yangu akasema, "Mimi naogopa lori."

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema hivyo. Kwangu ilikuwa kichwa kinauma, ilikuwa kazi ni nyingi, ilikuwa wiki ijayo. Kwa mkewe pia. Alilisema mbele ya watu asiowajua, kofia imejaa majani, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya meza.

"Ilinigonga. Sasa nikiisikia siwezi kusimama. Naenda kuona mama, kule Gitothua. Macho yake inaisha."

Msichana mmoja akacheka tena. Mama wa makamo aliyekuwa karibu naye, debe limefungwa kiunoni kwa leso, akamwambia, "Nyamaza wewe. Bwanangu, lori ilimmaliza." Yule mama akamgeukia kaka yangu kana kwamba wanaendeleza mazungumzo ya jana. "Lori haiingii kwa mistari. Shukeni na hii mistari mpaka kwa mto, mto ina daraja ya miti, ukivuka uko kwa reli. Hapo hakuna kitu ya kukugonga."

Mlinzi akafikiri. "Naenda na nyinyi," akasema. "Si eti siwaamini." Akatembea hatua chache. "Lakini siwaamini."

Tuliingia kwenye mstari, kaka yangu mbele kwa mara ya kwanza siku hiyo, akisukuma mamba yake, mimi nyuma, mlinzi na rungu lake mwisho. Nafasi kati ya miti inatosha mtu na baiskeli, na matawi yalikuwa mazito kiasi kwamba kahawa ilitugonga mabegani. Wachumaji waliinua matawi tupite, kisha wakayaachia. Lori likapita kule juu tena. Kaka yangu akasimama, akaweka mkono kwenye mti wa kulia na mwingine kwenye mti wa kushoto, akangoja, akaendelea. Nikazikumbuka zile nguzo mbili za Ufaransa. Zetu zilikuwa maelfu na hakuna aliyezisimika kwa ajili yetu, na nilishukuru hivyo hivyo.

Kwenye daraja la miti mlinzi alikagua gunia kwa mara nyingine. Alikuta kahawa mbili nyekundu zimedondokea kwenye mkunjo. Akazitazama, akatutazama, akatia moja mdomoni akafyonza utamu wake, nyingine akampa kaka yangu. "Salimia mathee wenu," akasema, akarudi juu.

Tulifika Gitothua jua limeshapita utosini, tumechafuka, kaka yangu ana doa jekundu begani. Tulitokea nyuma ya choo kama nilivyoahidi. Mama alikuwa mlangoni kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu na kilemba cheupe, na binti yangu alisema amekataa kula.

"Ni nani?" mama akauliza, ingawa alijua.

"Ni mimi, maitu. Babako."

"Umekawia, Baba."

"Njia ilikuwa mbaya."

Mama alimpa mkono kama mgeni anavyopewa mkono, akakikagua kigoda kwa vidole, akahamia juu yake, akapapasa kishikio na kusema ni kizuri. Kaka yangu akachuchumaa mbele yake. Mama akaanza kugeuza kichwa, kushoto, kulia, akimtafuta kwenye kile kipande alichobakiwa nacho. Kisha akatulia.

"Toa kofia."

"Kuna baridi, maitu."

"Hakuna baridi. Toa."

Akaivua. Mama alisogeza uso mpaka pumzi zao zikakutana, akaanza kumtazama kidogo kidogo, maana haoni yote kwa pamoja: kidevu, mdomo, pua, jicho moja, la pili. Alipofika juu ya jicho akasimama. Akalifuata kovu bila kuligusa, kwa macho tu, akigeuza kichwa polepole mpaka nyuma ya sikio. Mimi nilikuwa nimeshika birika na sikuweza kumimina.

"Uliniambia ni mkwaruzo."

"Ni mkwaruzo, maitu."

"Baba," mama akasema, "sijapofuka bado."

Kaka yangu akaweka kichwa kwenye mapaja yake akalia, mtu mzima mwenye wajukuu, na mama akamwacha alie bila kumwambia anyamaze. Mimi pia nililia, binti yangu akanipokonya birika. Baadaye, chai ilipokuwa imenywewa, kaka yangu akafunga gunia tupu kwenye keria na kuniuliza kama malori ya kahawa huwa yamekwisha jioni. Kabla sijajibu mama akasema harudi popote leo.

"Jioni sioni vizuri," akasema. "Utalala hapa. Asubuhi ndio mwanga ni mzuri, nikuone tena."